Molasi Yetu, Ethanoli ya Nani?

(Hotuba kwa wakulima wa miwa wa bonde la Kilombero, imeandikwa kutoka kwenye mazungumzo ya mkutanoni.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa bodaboda mliojibanza kule nyuma kwenye kivuli cha mwembe: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee shikamooni.

Nimeitwa kuzungumza juu ya ethanoli, yaani kile kileo kinacholewesha kwenye pombe. Mwenyekiti aliponipigia simu alisema hivi: wanachama wamesikia kwamba muwa unaweza kuendesha gari, wanataka kujua kama ni kweli, na kama ni kweli, hela yake iko wapi. Swali la kwanza nalimaliza sasa hivi. Ni kweli, tena si habari mpya. Brazil ilianza mpango wake mkubwa mwaka 1975. Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, wanachanganya ethanoli ya molasi na petroli tangu 1982. Kwa hiyo tusiumalize mchana huu kwa kushangaa. Swali la hela ndilo lenye kazi, na ili tulijibu itabidi kwanza tuingie kiwandani.

Muwa wenu ukishapimwa pale mizani na kukamuliwa, juisi husafishwa kwa chokaa, huchujwa, kisha huchemshwa hadi ikolee na sukari ianze kuganda punje punje. Mashine inayozunguka kwa kasi hutenga punje na uji. Uji ule hurudishwa motoni, hutengwa tena, hadi mara ya tatu. Hufika mahali ambapo sukari iliyobaki ndani haikubali tena kuganda, au ingekubali lakini gharama ya kuitoa inazidi bei yake. Hapo kiwanda hunyoosha mikono. Uji mweusi uliobaki, mzito hata kumiminika unasita, ndio molasi. Mnaijua. Mnawapa ng'ombe wakati wa kiangazi, na wengine mmeiona ikimwagwa barabarani kutuliza vumbi.

Kila tani moja ya miwa huacha molasi ya kilo 30 hadi 40. Na hapa sikilizeni vizuri: karibu nusu ya uzito wa molasi hiyo bado ni sukari. Haigandi, haiuziki dukani kwenye mfuko wa kilo moja, lakini ni sukari. Na hamira haijali kama sukari imeganda au haijaganda.

Habari ya hamira, mama zangu mliokaa hapa mbele mnaijua kuliko mimi. Anayegema ulanzi kule Iringa, anayepika mbege Uchagani, anayetengeneza dengelua ya miwa Upareni, wote wanafuga kiumbe wa ukoo mmoja. Kiumbe huyo umbo lake ni dogo, haonekani kwa macho. Anakula sukari mahali pasipo na hewa na kutoa vitu viwili: kileo, na gesi ya kaboni dayoksaidi, ile inayofanya pombe ifoke. Ukimpa kilo 100 za glukosi, hesabu ya kemia inasema atakurudishia kilo 51 za ethanoli, na kilo 49 zitaondoka kama gesi. Hiyo ni hesabu ya darasani. Kiwandani ukipata sehemu tisa kati ya kumi za hesabu hiyo, jipongeze, maana hamira naye anakula ili azaane, na bakteria wanaojipenyeza humo hugeuza sukari kuwa siki.

Kinachotofautisha kiwanda na chungu cha nyumbani ni nidhamu tu. Molasi ikiwa nzito vile haichachuki, kwa sababu sukari ikizidi humnyonya hamira maji mwilini. Kwa hiyo huongezwa maji kama mara tatu ya uzito wake. Hutiwa asidi kidogo ili bakteria wasistawi. Hutiwa na urea, urea hii hii mnayoweka shambani, kwa sababu hamira naye anataka naitrojeni. Halafu kuna joto. Hamira akifanya kazi anatoa joto, na tangi kubwa likiachwa lijiendee linapanda lenyewe. Kati ya nyuzi 30 na 35 anafanya kazi vizuri. Likikaribia 40 anachoka, na humu bondeni mnajua mchana wa Novemba ulivyo. Ndiyo maana matangi hupozwa kwa maji baridi usiku na mchana. Baada ya siku moja au mbili povu linatulia, na una pombe ya molasi yenye kileo cha asilimia 7 hadi 10.

Kabla sijaendelea, neno kwa vijana mnaotafuta vibarua kwenye mitambo ya namna hii. Ile gesi ni nzito kuliko hewa. Tangi likimwagwa, pombe inatoka, gesi inabaki chini. Kijana anashuka kusafisha, anaanguka. Mwenzake anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Hakuna harufu ya kukuonya. Msimamizi akikwambia ushuke kabla tangi halijapulizwa hewa na kupimwa, mwambie ashuke yeye.

Sasa tunakuja kwenye kazi ambayo baadhi yenu, sitataja kijiji, mnaifanya usiku. (Kicheko.) Mwenyekiti ameniahidi kwamba leo hakuna mgambo. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ukichemsha mchanganyiko, mvuke unaotangulia una kileo kingi kuliko ulichobaki nacho chini. Mpika gongo ana pipa, bomba, na beseni la maji ya kupoza. Kiwanda kina mnara wa chuma wenye sahani nyingi ndani, na kila sahani inafanya kazi ya pipa zima la gongo: mvuke unapanda, unatonesha, unachemka tena, unapanda. Ukifika kileleni umekenekwa mara nyingi bila kushuka hata mara moja. Hapo unapata ethanoli ya asilimia 95 au 96.

Na hapo mnara unagoma. Ongeza sahani upendavyo, washa moto mpaka asubuhi, asilimia nne zile za maji hazitoki. Zikifikia kiwango hicho, maji na ethanoli vinachemka pamoja na kupanda pamoja. Kwa matumizi mengi hilo si tatizo. Kwa vinywaji unahitaji maji hata hivyo. Hospitali wanaipunguza makali zaidi wenyewe kwa maji. Vitakasa mikono tulivyopaka wakati wa korona, vivyo hivyo. Jiko la ethanoli linawaka bila shida.

Petroli ndiyo haitaki. Petroli na maji havipatani, na ethanoli inavipenda vyote viwili. Maji yakizidi kidogo kwenye tangi la gari, yanaivuta ethanoli yote kwao, vinatua chini pamoja, na pampu ya mafuta inanyonya kutoka chini. Injini inakunywa maji. Kwa hiyo ethanoli ya kuchanganya na petroli lazima ikaushwe hadi ipite asilimia 99. Zamani walitumia benzini, kemikali inayosababisha saratani, ili kuvunja urafiki huo. Siku hizi mitambo mingi hutumia punje za madini yanayoitwa zeolaiti, zenye vitundu vya kipimo maalumu. Ni chekecheke la ajabu: molekuli ya maji ni ndogo, inaingia kitunduni na kunaswa, ya ethanoli ni kubwa zaidi, inapita nje. Linafanya kazi vizuri sana, nalo ni mtambo mwingine wa kununua, na moto mwingine wa kuwasha. Asilimia hizo nne nawaomba mziweke akilini, nitazirudia.

Moto wenyewe unatoka wapi? Kwenye miwa, unatoka kwenye bagasi, yale makapi yaliyokamuliwa. Yanachomwa, yanatoa mvuke wa kuendesha kinu na mnara, na umeme unaweza kubaki wa kuuza. Hii ndiyo heshima ya muwa. Wamarekani wanatengeneza ethanoli nyingi kuliko nchi yoyote duniani, lakini yao ni ya mahindi, na gunzi haliji kiwandani. Moto wao mwingi ni wa gesi asilia. Ethanoli ya miwa ya Brazil hukadiriwa kurudisha nishati karibu mara nane ya ile ya mafuta ya ardhini iliyotumika kuitengeneza. Ya mahindi ya Marekani kwa kawaida haifiki hata mara mbili. Na juu ya hayo ni chakula. Ugomvi wa 2007 na 2008, bei za nafaka zilipopanda dunia nzima, sehemu ya lawama ilikwenda huko. Sisi walaji wa ugali sidhani kama tunahitaji kujadili sana hilo. Mahindi yabaki sufuriani.

Twende kwenye ekari yako.

Tuseme ekari inakupa tani 20 za miwa. Najua kuna wanaopata zaidi na kuna wanaopata chini ya hapo, hasa baada ya mvua za mwaka 2023 kuelekea 2024 zilizotuacha na mashamba yenye maji huku mijini watu wakipanga foleni ya sukari. Tani 20, tuchukue kilo 35 za molasi kwa tani, tunapata kilo 700. Tani moja ya molasi nzuri hutoa lita 250 hivi za ethanoli. Kwa hiyo molasi ya ekari yako, kwa mwaka mzima, ni lita 175.

Naona watu wamenyamaza. Mlitegemea zaidi?

Kijana wa bodaboda anayechoma lita tatu kwa siku, akifanya kazi siku 300, anatumia lita 900 kwa mwaka. Tukimchanganyia asilimia kumi ya ethanoli, anahitaji lita 90. Kwa hiyo ekari moja inakaribia kuwatosha bodaboda wawili, kwa ile asilimia kumi tu. Asilimia tisini bado inatoka bandarini Dar es Salaam kwa meli.

Mtu atasema: tusiishie kwenye molasi, tuchachue juisi yote. Sawa. Tani ya miwa ikichachuliwa yote hutoa lita 70 hadi 85. Ekari yako itatoa kama lita 1,500. Ni nyingi. Lakini ekari ile ile, ikienda kwenye sukari, inatoa karibu tani mbili za sukari pamoja na molasi yake. Nendeni dukani mwangalie bei ya kilo ya sukari, halafu mwende kituo cha mafuta mwangalie bei ya lita ya petroli. Miaka hii haziachani mbali. Na ethanoli haiwezi kuuzwa bei ya petroli, kwa sababu lita yake ina karibu theluthi mbili tu ya nishati. Wabrazil wana kanuni ya pampuni: nunua ethanoli ikiwa bei yake haizidi asilimia 70 ya bei ya petroli; ikizidi, weka petroli. Nchi ambayo mwaka 2024 ilikosa sukari ya chai ikaanza kuchachua juisi ya miwa ili iendeshe magari, mimi sitaipigia makofi.

Kwa hiyo kwetu ni molasi, na molasi ina mipaka. Sisemi haya kuwakatisha tamaa. Nasema kwa sababu waliotutangulia walianguka hapa hapa kwenye hesabu, na walikuwa watu wenye akili.

Chukueni Kenya. Mwaka 1977 walianza kujenga Kisumu mtambo mkubwa wa molasi uliokusudiwa kutoa ethanoli na bidhaa nyingine lukuki. Gharama zilipaa, na mwaka 1982 ujenzi ukasimama mtambo haujaisha. Ulikaa hapo karibu na Ziwa Victoria ukipata kutu karibu miaka ishirini. Mtambo wa pili, wa Muhoroni, ulikamilika, na kwa miaka kama kumi, kuanzia 1983, ethanoli yake ilichanganywa na petroli ya Wakenya kwa asilimia kumi. Ilifanya kazi. Injini hazikufa. Kilichokufa ni biashara: mkopo wa mtambo ulikuwa wa fedha za kigeni na shilingi ikashuka, bei ya ethanoli ilipangwa serikalini, kampuni za mafuta hazikuupenda mpango, na wakati huo huo nchi jirani zilikuwa tayari kulipa vizuri zaidi kwa ethanoli ya vinywaji. Mwaka 1993 uchanganyaji ukakoma.

Malawi wameendelea. Kwa nini wao? Angalieni ramani. Malawi haina bahari. Petroli yao inasafiri mamia ya kilomita kwa malori na reli kupita nchi za watu, na kila kilomita ina gharama. Molasi ya Dwangwa iko pale pale ziwani. Ethanoli inashindana na petroli iliyokwisha kupanda bei njiani. Sisi tuna Dar es Salaam, tuna Tanga, tuna Mtwara. Petroli yetu inashuka melini ikiwa na bei ya chini kuliko yao, na kwa hiyo ethanoli yetu ina mpinzani mwenye nguvu zaidi. Bahari ni neema, lakini kwa hili imetubana.

Brazil nao wana darasa, na si lile linalosemwa kila siku. Walianza Novemba 1975, mafuta yakiwa yamepanda na sukari imeporomoka. Mwaka 1979 ikatoka Fiat 147 inayotumia ethanoli tupu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, magari tisa kati ya kumi mapya yalikuwa ya ethanoli. Mwisho wa muongo huo bei ya mafuta ikashuka, ya sukari ikapanda, wenye viwanda wakageukia sukari, na mwenye gari la ethanoli akajikuta kwenye foleni mbele ya pampu kavu. Watu waliyakimbia magari hayo. Imani ilirudi baada ya mwaka 2003, yalipoingia sokoni magari yanayokubali petroli, ethanoli, au mchanganyiko wowote. Mnunuzi alipata uhuru wa kuchagua, na hapo tu ndipo akaiamini ethanoli tena.

La Bagamoyo nalitaja kwa kifupi kwa kuwa liko karibu nasi. Miaka ya 2000 kampuni ya Wasweden, SEKAB, ilikuja na mpango wa mashamba makubwa ya miwa ya ethanoli kwenye eneo la iliyokuwa ranchi ya Razaba. Mwaka 2009 wakauza na kuondoka. Mradi ukabadilika jina na ukawa wa sukari kwanza, nao ukakwama njiani. Lita hata moja ya kuendesha gari haikutoka. Mradi unaoanza na ardhi ya maelfu ya hekta kabla ya kuwa na soko, mimi huutazama kwa jicho la pembeni.

Nina jambo jingine ambalo watu wa mauzo hawaliweki kwenye vipeperushi vyao. Kila lita moja ya ethanoli inaacha chini ya mnara lita 10 hadi 15 za maji ya kahawia, ya moto, yenye tindikali, yanayonuka. Yanaitwa vinasi. Yakiingia mtoni, bakteria wanayala na kumaliza oksijeni yote, samaki wanaelea. Uchafu wake, kwa kipimo hicho cha oksijeni, unazidi maji taka ya majumbani mara mia na zaidi. Fikirieni Ruaha Mkuu unaopita katikati ya viwanda vyetu, na bonde lote lile la maji chini yetu ambalo mwaka 2002 liliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar. Brazil waliyamwaga mitoni kwa miaka mingi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilipopiga marufuku. Ndipo wengi walipotilia maanani kitu ambacho nyinyi wakulima mtakipenda: vinasi imejaa potasiamu. Ikipozwa, ikapunguzwa makali na kunyunyiziwa shambani kwa kipimo, inapunguza mbolea ya kununua. Ikizidi inaharibu udongo na kupenya hadi visimani. Kwa hiyo mtu akija hapa na mchoro wa mtambo, msimwulize kwanza ethanoli itatokea wapi. Mwulizeni vinasi inakwenda wapi.

Sasa turudi kwenye zile asilimia nne.

Hapa Kilombero ethanoli ipo tayari. Mtambo ulioanza mwaka 2013 unageuza molasi kuwa spiriti safi, na sehemu kubwa inaishia kwenye chupa za vinywaji, kwa sababu mnywaji analipa kuliko dereva. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuuza mahali penye bei. Lakini kuna mteja wa tatu ambaye sisi tunamsahau, naye ni jiko. Ethanoli ya kupikia haihitaji kukaushwa. Haihitaji zeolaiti. Haihitaji hata ule usafi wa spiriti ya kunywa, wa kuondoa kila harufu na kila mabaki ya mwanzo na ya mwisho wa mnara. Ni bidhaa ya gharama ndogo kuliko zile mbili.

Na haishindani na petroli ya melini. Inashindana na mkaa. Kaya moja inapika kwa nusu lita hadi lita moja kwa siku. Ile ekari yako yenye lita 175, ambayo kwa bodaboda ilionekana kichekesho, inapikia kaya moja kuanzia nusu mwaka hadi karibu mwaka mzima, bila masizi kwenye sufuria, bila moshi kifuani, na bila gunia moja la mkaa kushuka kutoka misitu ya Udzungwa. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Kila mtu akisikia hivyo anafikiria mtungi wa gesi. Gesi ya mitungi tunaagiza nje. Molasi iko hapa. Nairobi, kuanzia 2019, ethanoli ya kupikia iliuzwa kwa mashine zilizowekwa kwenye maduka ya mitaani, mtu ananunua ya shilingi anazokuwa nazo siku hiyo, kama tunavyonunua mafuta ya taa kwa kikopo. Wanunuzi walikuwepo, tena wengi. Shida ya biashara hii haiko jikoni. Iko kwenye ushuru, kwenye bei ya jiko, na kwenye nani anashindana kununua molasi ile ile.

Mama mmoja hapa mbele amenikatisha, anauliza kama haitalipuka. Swali zuri, na nalijibu kwa urefu kidogo. Ethanoli inashika moto upesi kuliko mafuta ya taa. Kwenye joto la kawaida la humu ndani mvuke wake tayari unaweza kuwaka. Na moto wake ni wa bluu hafifu, mchana unaweza usiuone kabisa. Ajali nyingi hutokea mtu anapoongeza mafuta kwenye jiko analodhani limezimika. Kwa hiyo liwe jiko lenye kopo linalotolewa na kujazwa mbali na moto, lenye kitu ndani cha kunyonya ili hata likipinduka lisimwagike. Chupa ya plastiki ya maji na kibiriti mkononi, hapana.

Kuna na hatari ya pili. Mafuta haya ni pombe kali, na watu ni watu. Lazima yatiwe kitu kichungu na rangi ili yasinyweke. Kichungu, nasema, si sumu. Zamani spiriti ya kuwashia ilichanganywa na methanoli, na methanoli inapofusha na kuua. Mwaka 2000 zaidi ya watu mia moja walikufa kwenye mitaa ya mabanda ya Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Kumtilia mtu sumu ili asinywe, halafu akanywa, hiyo siiti tahadhari.

Kijana wa bodaboda naye ameinua mkono: anaweza kujaza spiriti kwenye pikipiki leo jioni? Hapana. Nimeshasema juu ya maji. Tena ethanoli inalainisha mipira na mabomba ambayo hayakutengenezwa kwa ajili yake, na kabureta yako imepimwa kwa petroli. Ethanoli tupu inataka njia pana zaidi ya mafuta. Asilimia kumi iliyokaushwa vizuri na kuchanganywa kwenye depo, injini nyingi za kisasa zinaichukua bila kulalamika. Utapoteza kama asilimia tatu ya mwendo kwa lita. Na injini je, itagonga zaidi? La, itagonga pungufu, kwa kuwa ethanoli ina okteni kubwa, yaani inastahimili kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. Kazi hiyo ni ya depo. Kijiweni hairuhusiwi.

Nimebakiza swali la hela, na Mwenyekiti ananionyesha saa.

Mkulima wa miwa analipwa kwa nini? Kwa uzito, na kwa kiwango cha sukari kwenye muwa. Kipimo hicho kinahusu sukari inayoweza kuganda. Lakini nimewaonyesha kwamba karibu nusu ya molasi ni sukari vile vile, na kwamba ina wateja watatu: chupa, tangi la gari na jiko. Mkoani São Paulo, Brazil, wakulima na wenye viwanda walikaa meza moja mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuunda baraza la pamoja, Consecana. Muwa hupimwa sukari yake yote inayoweza kupatikana, na bei ya mkulima hukokotolewa kutokana na bei ya soko ya sukari na ya ethanoli kwa pamoja. Ethanoli ikipanda, mkulima anasikia. Ikishuka, anasikia pia. Hilo nalo mlijue kabla ya kusaini.

Mzee pale anauliza kwa nini tusijenge mtambo wetu wenyewe kama ushirika. Shikamoo mzee, na nakujibu kwa hesabu. Mtambo mdogo wa lita 10,000 kwa siku unakula tani 40 za molasi kila siku. Ni molasi ya tani zaidi ya 1,100 za miwa, kila siku ya msimu. Msimu wa siku 200 unataka tani kama 230,000 za miwa. Kila mwenyekiti wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, alinganishe na daftari lake la mavuno. Na hata mkiungana wote mkaifikia, molasi haitokei shambani kwenu. Inatokea ndani ya kiwanda cha mtu mwingine, kwenye tangi lake. Kwa hiyo kabla ya mtambo, kabla ya mkopo, kabla ya safari ya mafunzo Brazil ambayo naona wajumbe wa bodi wameanza kuitabasamia, fungueni mkataba wa miwa mtafute neno molasi. Mwone limeandikwa ni mali ya nani baada ya mizani, linaingiaje kwenye malipo yenu, na kwa bei ipi. Kama halipo kabisa, hiyo ndiyo ajenda ya kwanza ya mkutano ujao na kiwanda, na mtambo usubiri.

Asanteni. Nakaa, ila maswali yaendelee.